Shoga, hiyo hariri usiiguse kwanza

Kyoto, Japani, Jumapili usiku

Mwanaidi shoga yangu,

Za masiku? Mama hajambo? Meseji yako nimeiona, eti umepewa kipande cha hariri na unataka ukitumbukize kwenye ndoo yetu ya rangi ya batiki uone itakuwaje. Usithubutu! Ile kostiki soda tunayochanganya na haidro (haidrosalfaiti) ili rangi ikolee kwenye pamba, hariri haiiwezi, inaliwa inalegea mpaka inachanika kama karatasi iliyolowa. Hariri inatoka kwa mdudu, iko kama nywele tu, na kostiki kwenye nywele unaijua mwenyewe (kumbuka relaksa ya dada ako wiki ile ya harusi).

Huku kazi ya nta kwenye kimono wanaiita rozome. Nta ni hizihizi zetu, ya nyuki na parafini, wakitaka ipasuke wanazidisha parafini, wakitaka itulie wanazidisha ya nyuki. Ila hakuna ndoo, shoga. Jora la kimono moja ni mita 12 na zaidi, upana kama sentimita 37 hivi, linavutwa hewani huku na huku kama kamba ya kuanikia, chini yake wanapachika vijiti vyembamba vya mianzi vyenye ncha za sindano kulitanua, halafu nta inapakwa kwa brashi na rangi nayo kwa brashi pana. Sasa kwa vile kitambaa hakikunjwi wala kufinyangwa, nta haipasuki mpaka mtu mwenyewe atake, yaani ile mipasuko sie tunayoiachia ije inavyojisikia wao wanaipangia mahali pake. Na nta ikipoa kidogo tu inakaa juu juu, rangi inapita chini, kwa hiyo kila saa unainama kuchungulia upande wa pili kama imepenya. Mgongo wangu we acha tu.

Kilichoniua kabisa ni vivuli. Brashi ikiwa na nta kiduchu inazuia rangi nusu, wanapaka rangi, wanaongeza nta, rangi tena, nta tena, mpaka jani moja linatoka kwenye weupe kwenda kijani kizito na huoni mpaka uko wapi. Mimi na vipande vyangu vya godoro vya kugongea nta nikanywea.

Wiki jana nikadondosha tone la nta katikati ya sehemu tupu. Dar ningelibandikia ua juu maisha yakaendelea. Mwalimu akaja, akatazama, akaenda kuchemsha chai. Hakusema neno mpaka jioni!

Halafu kuna kitu kimenichekesha. Kule Nara kuna ghala la hazina linaitwa Shosoin, lina pazia za kukunja za mbao na hariri za karne ya 8 zilizotiwa nta hivihivi, na moja ina tembo amesimama chini ya mti. Tembo, Japani! Mchoro wa mtindo wa Uajemi uliopitia China, na ukimwangalia huyo tembo unajua aliyemchora hajawahi kukutana naye. Baadaye ufundi wenyewe ukapotea mamia ya miaka, hizi rozome za sasa zimefufuliwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Haya, hariri yako. Tafuta rangi za asidi, zile za sufu na hariri, changanya na siki, paka kwa brashi ukiwa umeitanua kwenye fremu. Ikikauka izungushie magazeti mengi yanywe nta, kunja, weka juu ya chekecheke ndani ya sufuria ya mvuke saa nzima hivi, maji yasiiguse. Nta itakayobaki piga pasi juu ya magazeti mengine kisha peleka drai klina, usije ukaichemsha kwenye pipa kama khanga.

Nimekununulia brashi mbili, ndogo na ya wastani, bei sikutajii. Na dada ako usimsomee hapo kwenye relaksa.

Wako,
Zuhura