Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Selimundu kwa Rangi, Udongo na Picha

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaomalizika. Mambo ya fedha ataeleza mweka hazina. Kuhusu ada niseme tu kwamba wengi wamelipa, na ambao hawajalipa wanajijua. Sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu kazi iliyotuchukulia muda mwingi na kututofautisha mawazo kuliko nyingine zote, yaani kuonyesha maisha ya watu wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa njia ya sanaa.

Tulianza vibaya. Michoro ya kwanza iliyoletwa ilikuwa karibu yote ya ile seli nyekundu iliyopinda kama mundu, ambayo daktari James Herrick aliieleza mwaka 1910 baada ya damu ya mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada kuchunguzwa huko Chicago. Si kosa kuichora, ila katika maisha ya kila siku hakuna anayeiona seli yake. Tunachokiona ni macho yaliyogeuka manjano kwenye kioo asubuhi, vidole vya mtoto vilivyovimba hadi kijiko kinamponyoka, kidonda cha kifundo cha mguu kinachokataa kupona, na chupa ya maji tusiyoachana nayo popote. Kamati ya sanaa iliirudisha michoro hiyo na kuwaomba wachoraji waanze upya, uamuzi ambao baadhi yenu mliuona wa kiburi na ambao mimi bado nausimamia.

Mwanachama mmoja alikaidi, na nashukuru kwamba alikaidi. Aliifinyanga seli ileile mara nyingi kwa udongo, akazipanga juu ya meza ndefu: ya kwanza mviringo, inayofuata imepinda, kisha mviringo tena, kisha imepinda zaidi, mpaka karibu na ukingo wa meza ambako haikurudi tena katika umbo lake. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda mwilini, kwa kuwa himoglobini ya selimundu, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya seli, ikishapoteza oksijeni hushikamana ikawa nyuzi ngumu zinazoipinda seli, na seli hiyo hunyooka ikipata oksijeni tena, lakini ikipindishwa mara nyingi utando wake huharibika ikabaki imepinda moja kwa moja. Seli nyekundu ya kawaida huishi takribani siku 120, ilhali yetu huishi kati ya 10 na 20. Mwishoni mwa meza mfinyanzi aliacha vumbi la udongo tu, wala hakuandika maelezo yoyote.

Maumivu yalitushinda kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hayaachi alama ambayo mtu mwingine anaweza kuiona, na kila mmoja wetu anakumbuka kuulizwa kitandani ataje namba kati ya 0 na 10 huku anayeuliza akimtazama kwa shaka. Katika warsha tulijifunza kupitia kazi za Hertz Nazaire, mchoraji mzaliwa wa Haiti aliyeishi na selimundu hadi alipofariki mwaka 2021, ambaye aliipa hiyo 10 sura na rangi kwenye turubai. Tulitazama pia picha ya Donald Rodney, msanii wa Uingereza aliyekuwa na selimundu, inayoonyesha kiganja chake kikiwa kimebeba kijumba kidogo kilichoundwa kwa ngozi iliyotolewa mwilini mwake wakati wa upasuaji na kushikizwa kwa pini. Baada ya picha hiyo ukumbi ulikaa kimya, na wiki iliyofuata wanachama walianza kuleta vitu vyao wenyewe: mipira ya dripu, vikanda vya mkononi vya wodini, na eksirei ya nyonga iliyolika, ambayo mwenyewe aliipaka rangi ya chungwa pale penye maumivu.

Maonyesho yalifunguliwa tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani. Nakiri kosa moja ambalo ni langu: sikukagua kiyoyozi cha ukumbi. Baridi ilikuwa kali, na sisi tunaojua fika kwamba baridi huchochea shambulio la maumivu tuliwaketisha wasanii wetu ndani yake kwa muda mrefu. Wawili waliondoka mapema, na mmoja alilazwa usiku ule. Mwaka 1997 Rodney naye alishindwa kuhudhuria maonyesho yake kwa sababu ya ugonjwa, na kiti kitupu cha magurudumu kikawa kinazunguka chenyewe miongoni mwa wageni kwa kuongozwa na kompyuta. Yeye alifanya hivyo kwa makusudi ya sanaa. Sisi tulikuwa wazembe tu, na nimemwomba radhi mwenzetu.

Limebaki jambo moja linalohitaji kura yenu. Baadhi ya wafadhili wanapenda picha ya mtoto anayelia, kwani huchangisha haraka. Kamati inapendekeza kwamba picha ya mtu aliye katika shambulio isitumike bila idhini aliyoitoa akiwa hana maumivu, na kwamba picha za watoto katika hali hiyo zisitumike kabisa, hata mzazi akiridhia.

Kazi zote ziko ofisini kwa katibu, na wenyewe wazichukue kabla ya mwisho wa mwezi, isipokuwa eksirei ya nyonga, ambayo mwenyewe ameomba ibaki ukutani hadi atakapotoka kwenye upasuaji.

Mwenyekiti