Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: mnunuzi akabidhiwe ufunguo wa simu yake

Mheshimiwa Waziri,

YAH: OMBI LA KANUNI YA KUFUNGULIWA KWA BUTILODA ZA SIMU ZILIZOKWISHA KULIPIWA

Nakuandikia kwa heshima, na nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili linamgusa kila mwenye simu ya mkononi, awe analijua au halijui. Wizara yako ndiyo inayosimamia masharti ya simu zinazoruhusiwa kuuzwa. Naomba katika masharti hayo liongezwe moja: mtu aliyenunua simu na kumaliza kuilipa awe na njia rasmi, isiyo na malipo, ya kuifungua na kuweka mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha simu, kama Android) anaoutaka yeye.

Mimi ni fundi simu. Nyingi ya simu ninazoletewa si mbovu. Kioo ni kizima, chaji inakaa, kamera inapiga picha safi. Kilichokwisha ni ahadi ya kiwanda: masasisho yamekoma, viraka vya usalama haviji tena, na programu moja baada ya nyingine zinagoma kufunguka kwa sababu toleo la Android limepitwa na wakati. Mwenye simu ananiuliza kama kuna la kufanya. Jibu langu linategemea jambo ambalo hakuna aliyemwambia siku aliyonunua: je, kiwanda kinaruhusu butiloda ifunguliwe?

Butiloda ni programu ndogo inayoamka mapema kabisa simu inapowashwa, kabla Android yenyewe haijaanza. Ndiyo inayokagua kama mfumo unaotaka kuwaka una saini ya kiwanda. Ikiiona saini, inauachia uwake, isipoiona, inauzuia. Butiloda ikiwa imefungwa, hakuna mfumo mwingine utakaowaka, hata uwe salama namna gani. Ikifunguliwa, mwenye simu anaweza kuweka romu nyingine, yaani mfumo endeshi usio wa kiwanda, kwa mfano LineageOS, ambayo wataalamu wanaojitolea huitengenezea hata simu ambazo viwanda vyake vimekwisha kuzitelekeza. Kuruti ni jambo jingine, ingawa watu huyachanganya. Kuruti ni kujipatia mamlaka ya juu kabisa ndani ya mfumo, ili uweze kuondoa programu zilizokuja na simu, kuchukua nakala kamili ya data zako, au kuchunguza ni programu ipi inatuma nini na inakituma wapi.

Kazi hizi zina umri sawa na Android yenyewe. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, ilianza kuuzwa Oktoba 2008. Mwezi uliofuata watu wakagundua kwamba kila walichoandika kwenye kibodi yake kilipokelewa pia kama amri yenye mamlaka ya juu; mtu akiandika amri ya kuwasha upya, hata kama anamwandikia rafiki yake ujumbe, simu inazima na kuwaka upya. Google iliziba kasoro hiyo upesi, na ilistahili kuzibwa. Lakini watu walikuwa wameshaonja kuimiliki simu kwa ukamilifu. Mwaka 2009 Steve Kondik alianza kutoa CyanogenMod, romu iliyokuja kutumika kwenye simu za viwanda vingi, na kampuni iliyoibeba ilipoachana nayo mwishoni mwa 2016, wajitoleaji waliichukua kazi hiyo na kuiendeleza kwa jina la LineageOS.

Mheshimiwa, najua washauri wako watakuambia kwamba simu iliyofunguliwa ni hatari. Sehemu ya hofu hiyo ni ya kweli na sitaipunguza. Android hutenga kila programu katika chumba chake ili isisome vitu vya nyingine. Mwenye ruti anaweza kupita kuta zote hizo, na programu mbaya ikipewa ruti nayo inapita. Butiloda iliyoachwa wazi inampa mtu aliyeishika simu yako nafasi ya kupachika mfumo uliochezewa. Ndiyo maana wateja wangu wengi nawashauri wasiruti simu wanayofanyia miamala. Romu yenye viraka vipya, bila ruti, inawatosha.

Lakini kufunga butiloda hakujawahi kukomesha kuruti. Kumewasukuma watu kwenye mianya. Mwaka 2014 ilitoka Towelroot, programu ya kuruti iliyotumia udhaifu ndani ya kerneli ya Linux, yaani kiini ambacho Android imejengwa juu yake. Mwaka 2016 ukajulikana udhaifu mwingine wa kerneli, Dirty COW, nao ukatumika vivyo hivyo. Mwanya unaomsaidia mwenye simu unamsaidia pia mwizi. Machi 2011 programu zaidi ya hamsini zenye virusi vya DroidDream ziliondolewa kwenye duka la Android, na virusi hivyo vilijipa mamlaka ya juu kwa mbinu zilezile zilizokuwa zikitumiwa na watu kuruti simu zao wenyewe.

Hapa naomba utulie kidogo. Mtu ambaye simu yake imefungwa na anataka kuimiliki hufanya mambo mawili. Kwanza anakataa masasisho, kwa sababu sasisho litaziba mwanya anaoutegemea. Pili anapakua programu ya kuruti kutoka kwa mtu asiyemjua na kuikabidhi simu yake yote. Yote mawili ni mabaya kwa usalama, na yote mawili yanasababishwa na kufuli ambalo limewekwa kwa jina la usalama. Njia rasmi inayaondoa yote. Google ilianza kuitoa kwenye simu yake ya Nexus One, Januari 2010: unatoa amri, simu inakuonya, unakubali. Siku hizi kufungua butiloda kwa njia hiyo hufuta data zote zilizomo, kwa hiyo aliyeiokota simu yako hapati picha zako wala ujumbe wako.

Tena teknolojia imefika mbali zaidi ya hapo. Kwenye simu za Pixel za Google, mwenye simu anaweza kuweka ufunguo wake wa kidijitali, wa kukagulia saini ya mfumo, na kuifunga butiloda upya. GrapheneOS, romu inayotilia mkazo usalama, hutumia njia hiyo. Simu inapowaka hukagua mfumo wote kwa ufunguo huo, na inamwonyesha mtumiaji onyo la rangi ya manjano ili ajue kwamba mfumo uliomo si wa kiwanda. Ukaguzi ni uleule, ukali ni uleule. Kilichobadilika ni aliyeshika ufunguo. Simu ya namna hiyo, yenye viraka vipya, naiamini kuliko simu iliyofungwa na kiwanda ambayo haijaona kiraka kwa miaka.

Na viraka si anasa. Julai 2015 ulitangazwa udhaifu wa Stagefright, ulioweka mamilioni kwa mamilioni ya simu za Android hatarini kwa ujumbe mmoja wa picha au video. Google ikaanza kutoa viraka kila mwezi kuanzia Agosti mwaka huo. Simu iliyotelekezwa haipati hata kimoja, na mwenye nayo hana mahali pa kwenda kulalamika.

Kuna upande mwingine wa usalama ambao hausemwi. Novemba 2016 watafiti wa kampuni ya usalama ya Kryptowire walionyesha kwamba simu ya BLU R1 HD ilikuwa na programu ya kampuni ya Adups, iliyowekwa tangu kiwandani, ikituma ujumbe mfupi wa watumiaji kwenda nje kila baada ya saa 72. Mnunuzi hakuiona, na hata angeiona asingeweza kuifuta kwa njia ya kawaida, kwa sababu ilikaa ndani ya mfumo. Aliyeruti simu ndiye mwenye uwezo wa kuing'oa. Tunapozungumzia nani aaminiwe na mamlaka ya juu ndani ya simu, tusianze kwa kudhani kwamba kiwanda siku zote ni mwema na mwenye simu siku zote ni wa kutiliwa shaka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Hata pale kiwanda kinaporuhusu kufungua, mtu anafungiwa mlango upande wa programu. Google inatoa huduma iitwayo Play Integrity. Programu ya benki huiuliza kama simu inaaminika, na huduma inajibu kwa ngazi. Kwa ngazi ya kati, simu ya zamani iliyobaki na Android 9 ya kiwandani, isiyo na viraka kwa miaka, inaweza kupita. Simu ya aina ileile iliyowekewa LineageOS yenye viraka vya mwezi huu inakataliwa, kwa kuwa mfumo wake haukuidhinishwa. Google imeanza kuangalia umri wa viraka kwenye ngazi ya juu kabisa, kwa simu za Android 13 na kuendelea, na hiyo ni hatua njema, lakini mwenye romu bado yuko nje. Akufukuzaye hakwambii toka: programu inasema tu kwamba kifaa hiki hakikubaliki, basi. Benki binafsi ina biashara yake na labda ina haki ya kuchagua. Lakini programu za serikali, za vitambulisho, kodi na afya, ni za raia wote. Haifai haki ya raia kupata huduma ya dola yake itegemee kibali cha kampuni moja ya nje. Android ina njia ya kuthibitisha kwa kutumia chipu yenyewe kwamba butiloda imefungwa na kwamba mfumo ni wa ufunguo fulani, na GrapheneOS wamechapisha maelekezo ya namna programu zinavyoweza kuitambua mifumo yao. Inawezekana. Kinachohitajika ni agizo.

Kuhusu mawimbi na namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa kila simu, nitasema kwa ufupi. Modemu ya simu, yaani sehemu inayowasiliana na mtandao, ina kichakataji chake na programu yake yenye saini. Kubadilisha Android hakubadilishi namna simu inavyorusha mawimbi. Kubadilisha IMEI ili kuficha simu ya wizi ni uhalifu, na mhalifu aadhibiwe kwa uhalifu huo. Kuna mfano mzuri wa kujifunza. Mwaka 2016 tume ya mawasiliano ya Marekani iliitoza kampuni ya TP-Link dola 200,000 kwa sababu ruta zake, yaani vifaa vya kusambazia intaneti, ziliweza kurusha kwa nguvu kuliko kiwango kilichoruhusiwa. Katika makubaliano yaleyale, kampuni ilikubali kushirikiana na watengenezaji wa programu huria ili wanunuzi waweze kuweka programu nyingine kwenye ruta. Msimamizi alilinda mawimbi bila kumpokonya mnunuzi kifaa chake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: baadhi ya viwanda vimejirekebisha. Google kwa Pixel 8 mwaka 2023 na Samsung kwa Galaxy S24 mwaka 2024 waliahidi masasisho ya miaka saba. Umoja wa Ulaya nao, tangu tarehe 20 Juni 2025, unadai masasisho ya angalau miaka mitano tangu kiwanda kilipoacha kuiuza simu ya aina hiyo. Nayapongeza yote hayo. Hata hivyo ahadi ya miaka saba imewekwa kwenye simu za juu, wakati wengi wananunua simu za chini, na hata miaka saba ina mwisho wake.

Marekani, tangu 2010, kuvunja kufuli la simu yako ili uweke programu zako hakuhesabiwi kuwa kosa la hakimiliki. Ruhusa hiyo ni nzuri ila ina upungufu mkubwa: inakuruhusu kuvunja kama utaweza, haimwamuru muuzaji akupe ufunguo. Kwa hiyo kila kitu kinabaki kwenye hiari ya kiwanda, na hiari hubadilika. Mwaka 2011 HTC ilisikia malalamiko ya wateja ikatangaza kwamba haitafunga tena butiloda. Mwaka 2018 Huawei ilitangaza kuacha kutoa namba za siri za kufungulia butiloda, ikaacha siku 60 tu za mwisho. Mtu aliyenunua simu akitegemea namba ile alibaki na simu isiyo na mlango.

Ndiyo maana naomba sheria, wala si wito kwa viwanda. Kibali cha kuuza simu kitolewe kwa sharti kwamba njia ya kuifungua ipo, imeelezwa kwa maandishi, haihitaji akaunti iliyokaa miezi kadhaa wala kuomba kwa mtu, na inafanya kazi bila kutegemea seva ambayo kiwanda kinaweza kuizima kesho. Kwa simu za mkopo, nakubali kabisa, mkopeshaji ana haki ya kuishikilia hadi malipo ya mwisho. Siku hiyo ikifika, ufunguo ukabidhiwe. Pale chipu inaporuhusu, mwenye simu aweze kuweka ufunguo wake na kufunga upya. Dhamana ya kioo au betri isifutwe kwa sababu tu butiloda imefunguliwa, isipokuwa kiwanda kithibitishe kwamba ufunguzi ndio uliosababisha ubovu. Na msimbo wa kerneli, yaani maandishi ya programu yaliyoitengeneza, utolewe siku simu inapoingia sokoni. Hili la mwisho hata si fadhila: kerneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, inayomtaka anayeisambaza kutoa msimbo wake. Wapo viwanda vinavyochelewa na vinavyokaa kimya, na bila msimbo huo kutengeneza romu kunakuwa kazi ya kubahatisha.

Ikiwa kwa sasa wizara haiwezi kuyafanya yote, naomba lianze moja: siku kiwanda kinapotangaza kwamba simu fulani haitapata tena viraka, siku hiyohiyo kilazimike kutoa njia ya kuifungua. Sioni hoja ya usalama inayoweza kusimama dhidi ya ombi hilo, kwa sababu kiwanda chenyewe kitakuwa kimekwisha kujitoa katika kuilinda simu hiyo.

Rasimu ya kanuni ikiandaliwa, naomba iwekwe hadharani kabla ya kutiwa saini, na mafundi na waandishi wa programu huria waitwe kutoa maoni pamoja na viwanda na mabenki. Tutakuja.

Wako mwenye heshima,

Fundi simu