Nimeamua Kubaki Huku Iringa

Iringa,
Mwishoni mwa Agosti

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Kamwene! Najua huko Songea hakuna wa kukuitikia, lakini nitaendelea kukusalimu hivyo hivyo ili usisahau ulikoanzia kazi. Lalamiko lako la wiki iliyopita nimelipokea, kwamba nikiwa kwenye simu nakujibu kwa mkato kama mtu anayedaiwa. Sababu ni kwamba simu zetu zinachajiwa kwenye korido, na wazee wa haya makao ya masista wanaojifanya viziwi wakiitwa mazoezini husikia vizuri sana mazungumzo ya wenzao. Kwa hiyo leo nimechukua karatasi.

Nianze na nyonga, maana ndiyo uliyoiulizia. Imeunga. Picha ya mwezi wa saba ilionyesha vyuma vimekaa mahali pake na mfupa umeshikana. Kile chuma changu cha miguu minne kimeshapewa mwingine, babu mmoja wa Ilula aliyepigwa na kiharusi. Mimi sasa ni mtu wa fimbo. Hebu nikuulize, wewe uliyemuuguza mama yako: fimbo alikuwa anaishika mkono gani? Wa upande unaouma, siyo? Sote tulidhani hivyo. Hapa kijana wa mazoezi aliichukua akaihamishia upande wa mguu mzima, akaniambia fimbo na mguu mbovu viende mbele pamoja ili uzito ugawanyike. Nilibisha, unanijua, halafu nikajaribu hatua chache nikanyamaza.

Mazoezi yenyewe hayana urembo. Kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Kukaa tena polepole, siyo kujibwaga. Kupanda kidato kimoja cha ubao na kushuka. Wale wa kiharusi wanafanyishwa na mikono, na hapo ndipo nilipopenda akili ya masista: badala ya kuwapa mipira tu ya kubinyabinya, wamewaletea milulu, yale majani ya kusukia vikapu. Kuna bibi wa Kilolo ambaye vidole vyake vya kulia vilikuwa vimejikunja havifunguki. Sasa anashikilia kitako cha kikapu kwa mkono ule mbovu na kusuka kwa mzima, na kila wiki ule mbovu unaongezewa kazi kidogo. Vikapu vyake vimepinda. Ameuza kimoja hata hivyo, na hatujapumzika kusikia habari zake.

Baridi ya Juni na Julai ilitutesa. Uliishi huku, sina haja ya kukueleza. Mkaa umepigwa marufuku vyumbani, na ni haki, maana hewa yake inaua watu wakiwa usingizini, basi tulikuwa tunalala na soksi, kofia na kanga juu ya blanketi. Saa nne asubuhi viti vyote vilihamia ukutani upande wa mashariki tukaota jua hadi chakula cha mchana. Nusu ya habari za nyumba hii zimezaliwa pale ukutani. Mwezi huu baridi imelegea, ila upepo umeanza na vumbi linaingia mpaka kwenye uji.

Bibi yetu wa Mufindi alituacha katikati ya Julai, alfajiri. Alikuwa amechoka muda mrefu, na manesi walikuwa wakimgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo. Hakupata hata kimoja, nami nataka hilo lijulikane. Ndugu zake walikuja kumchukua wakamzike kwao. Nilikuwa sijui kwamba alikuwa na ndugu wengi kiasi kile.

Habari ya furaha sasa. Yule muuguzi msaidizi, binti mwembamba aliyekupokea mzigo ulipokuja wakati wa Pasaka, amechumbiwa. Hana baba, na mjomba wake yuko mbali, basi akaja kwa unyenyekevu kuwaomba wazee wa humu wakae na mjomba siku ya posa. Mama yangu! Ungeona mabishano. Mmoja akataka ng'ombe waletwe kwa miguu yao, mwingine akasema ng'ombe watalala wapi, chumba cha mazoezi? Ilipofika kwenye orodha, mahali palipoandikwa blanketi la bibi, mabibi wote waliokuwa ukumbini wakainua mikono. Kijana mwoaji alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia machozi. Mwisho akaleta blanketi moja zuri zito, na linazunguka kwa zamu. Mimi zamu yangu ilipita kwenye siku ambazo hazikuwa na baridi. Nimekata rufaa.

Jambo kubwa la kiangazi hiki lilikuwa safari ya Kalenga. Parokia ilitupa Coaster, tukaenda wale tunaoweza kukaa garini pamoja na viti viwili vya magurudumu. Ni karibu, kilomita kama 15 kutoka mjini, lakini kwa mtu ambaye tangu aanguke hajaona barabara isipokuwa ya hospitali, ilikuwa kama kwenda Ulaya. Nilitembea kutoka garini hadi mlango wa makumbusho kwa fimbo yangu, bila kushikwa. Kijana wa mazoezi alikuwa nyuma yangu mikono tayari, nikamkataza kunigusa.

Wewe na mimi tumefundisha habari za Chifu Mkwawa wa Wahehe na vita vyake na Wajerumani miaka mingapi? Lugalo 1891, Kalenga kubomolewa 1894, kifo chake 1898, watoto wanaimba tarehe huku wanaangalia dirishani. Lile fuvu lake niliwahi kuliona nikiwa na wanafunzi, nikihesabu vichwa vya watoto kuliko kuangalia kilichomo kwenye kioo. Safari hii sikuwa na wa kumhesabu. Na bahati nzuri tulikuwa na babu wa chumba cha mwisho, Mhehe wa hapo hapo, ambaye siku zote husema maneno machache ukidhani ulimi umeguswa na kiharusi, kumbe hapendi tu upuuzi. Tulipoingia akaomba asukumwe mpaka mbele ya kioo, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mimi nilikuwepo."

Tarehe 19 Juni 1954, Gavana Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu la babu yake. Mzee wetu alikuwa mtoto mdogo, ameletwa na baba yake kwa miguu tangu usiku. Anachokumbuka ni manyoya kwenye kofia ya Gavana, njaa, na kwamba baba yake, ambaye hakuwahi kumwona analia, alilia. Fuvu lenyewe hakuliona, watu wazima walimziba. Kwa hiyo siku ile tulipokwenda alikuwa analitazama kwa utulivu kwa mara ya kwanza. Mtoa maelezo wa makumbusho, kijana mwenye adabu, aliacha maelezo yake akavuta stuli akasikiliza. Mimi kwa ualimu wangu nikadakia kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwataka Wajerumani walirudishe ndani ya miezi sita, na likaja baada ya miaka 35. Yule mzee akanigeukia: "Mwalimu, ngoja kwanza nimalize." Nikafunga mdomo. Tangu siku hiyo amekuwa mzungumzaji, na jioni watu wanagombea kiti cha pembeni yake.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sikutaka likasikike kwenye korido. Daktari amesema naweza kurudi nyumbani. Mimi nimeamua kubaki.

Nasikia unavyoguna. Kijana wangu naye aliguna, akapiga simu kutoka Dar es Salaam usiku, dada yake akaungwa kutoka Mwanza, wakanifanyia kikao. Watu watasema tumemtupa mama. Chumba chako kipo, mama. Akafika mbali mpaka kunisomea Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, kwamba familia ndiyo tegemeo la kwanza la mzee na makazi ya wazee ni hatua ya mwisho. Nikamwambia sera hiyo naijua, na inazungumzia mzee asiye na mtu. Mimi nina watu, ila watu wangu wanatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni na kurudi watoto wameshalala. Chumba changu pale kipo ghorofani, ngazi zake umeziona. Ningeshinda na televisheni na yule dada wa kazi, naye ana shughuli zake. Kule Mafinga kwenye nyumba yangu ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba ningeanguka tena na kukutwa kesho yake na mwuza maziwa.

Usidhani nimelogwa na mahali hapa. Usiku nesi ni mmoja kwa watu wote, na ukibonyeza kengele wakati yuko kwa mwingine, unasubiri. Maharage yanazidishiwa chumvi wakati nusu yetu tuna presha. Nimeshasema jikoni, nitasema tena. Na kuna wageni wa aina fulani wananikera. Wanakuja kwa kundi wamevaa fulana za rangi moja, sabuni na biskuti zinapangwa mbele yetu, tunapigwa picha, wanaondoka bila kumjua hata mmoja jina. Oktoba Mosi inakaribia, Siku ya Wazee, wataanza kumiminika. Sabuni tunashukuru, tunaitumia. Lakini nimemwomba sista mkuu kwamba mwaka huu kila mgeni akae na mzee mmoja kwa muda wa kunywa kikombe kizima cha chai kabla kamera haijatolewa. Amesema atafikiria. Atakubali, nimeshamsoma.

Kinachonibakisha, ukitaka nikuambie bila kuzunguka, ni darasa. Ndiyo, darasa! Lilianza kwa bahati. Bibi mmoja anayelipwa ruzuku ya kaya maskini ya TASAF aliniomba nimwonyeshe namna ya kuandika jina lake, amechoka kuweka dole gumba mbele ya watoto wadogo. Nikamwonyesha nyuma ya bahasha. Kesho yake akaja na mwenzake. Sasa baada ya chakula cha mchana meza ya ukumbini inakuwa yetu, na hata mlinzi wa geti anachungulia akijifanya anatafuta ufunguo. Umemkumbuka mama yangu? Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, alikuwa anakwenda darasani na mtoto mgongoni, nami nikamwonea haya mbele ya wenzangu. Miaka saba baadaye wewe na mimi, tukiwa wasichana wenyewe, tulikuwa tumesimama mbele ya ile UPE yetu, elimu ya msingi kwa wote, watoto wamekaa mpaka madirishani na chaki tunaivunja vipande vitatu. Hawa wa sasa ni wachache, lakini ni wabishi kuliko wale. Wananiambia "ba be bi bo bu" ni ya watoto, wao wanataka kusoma kadi zao za kliniki. Basi tunasoma kadi za kliniki. Neno la kwanza alilolisoma yule bibi peke yake lilikuwa jina la dawa yake ya presha, refu kama treni, na alipolimaliza akalirudia kwa dharau kama vile lilikuwa limemtukana siku zote.

Nakuhitaji. Macho yangu na ubao havielewani tena, na mwandiko wako ulikuwa mzuri kuliko wangu, hilo sijawahi kulikana. Njoo mwezi wa kumi kabla ya mvua, ukae wiki mbili hivi. Masista wana chumba cha wageni, nimeshauliza, na bei yake haitakuumiza. Mijakaranda ya mjini itakuwa imechanua. Kutoka huko panda gari la alfajiri, ukipita Makambako unipigie, na ushukie Ipogoro, usiende na gari mpaka stendi ya Igumbilo ukaanza kurudi nyuma kwa bajaji. Kijana wa geti atakufuata.

Ulete daftari za mistari mipana, penseli zenye vifutio, na kahawa ya Mbinga iliyosagwa, nyingi, maana nimeshamwahidi yule babu wa chumba cha mwisho na hasahau ahadi. Usilete biskuti.

Kijana wangu huenda akakupigia, anajua wewe ndiye ninayekusikiliza. Akikuuliza kama kuna mtu amenishawishi, mjibu kwa jinsi unavyonijua.

Wako,
Mwalimu mwenzako wa Darasa la Pili B

Nimesahau: ile miwani yako ya zamani, kama bado unayo, uje nayo. Bibi wa kikapu amejaribu ya kila mtu humu ndani na hakuna iliyomfaa.