Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Des Moines wanaotaka kuwa makotabeki

Vijana wangu,

Salamu nyingi. Mnanifahamu: ndiye yule mzee wa kofia ya sufu na chupa ya chai ya tangawizi, anayekaa upande wa kushoto wa jukwaa kila Ijumaa usiku mnapocheza mpira wa Kimarekani. Nawaandikia hadharani, na wazazi wenu wasome pia, kwa sababu ya neno moja ambalo msimu huu nimelisikia kwa vijana watatu: "Babu, nimeshachelewa."

Mmoja wao ana miaka 16. Aliingia Iowa akiwa na 13, ametoka kambi ya Nyarugusu, na mpira alioujua ulikuwa ule wa mguu. Anataka kuwa kotabeki, yule anayepokea mpira kwanza na kuurusha kwa wenzake. Akawatazama wenzake walioanza kurusha huu mpira wa yai tangu wakiwa watoto wa miaka 7, akajipima nao, moyo ukamvunjika. Tulikuwa tumesimama kwenye maegesho, helmeti mkononi, machozi yanamlengalenga. Usiku ule sikumjibu vizuri, na jambo hilo limenikosesha raha. Nijibu sasa.

Tuanze na huo umri wenyewe. Wengi wenu vitambulisho vinasema mlizaliwa tarehe 1 Januari. Sote tunajua ilikotoka tarehe hiyo: karani wa usajili hakuona cheti, akaandika siku ya kwanza ya mwaka, foleni ikasonga. Kwa hiyo mmeshazoea kwamba mtu anaweza kuwa na umri wa karatasi na umri wa kweli. Basi kotabeki naye ana umri mara mbili. Kuna umri wa mwili, unaohesabiwa tangu mama alipokuzaa. Na kuna umri wa macho, unaohesabiwa tangu siku ulipojaribu kwa mara ya kwanza kuwasoma watu 11 wanaotaka kukuangusha chini. Mkimbiaji, yule anayepewa mpira mkononi akimbie nao, anaishi kwa umri wa kwanza tu. Akifika miaka 28 klabu inaanza kumtafutia mrithi. Kotabeki katika miaka hiyo hiyo ndiyo kwanza anaanza kuona.

Kuona kwenyewe nilikuelewa mezani kwangu, Jumapili moja mwezi uliopita. Mjukuu wangu alichukua maharage kabla sijayaloweka, akapanga 11 juu ya kitambaa cha meza. Manne mbele, matatu nyuma yake, mawili pembeni, mawili mbali kabisa huko nyuma. Yeye mwenyewe akawa karanga. Akaniambia, "Babu, angalia hawa wawili wa nyuma. Wakikaa hivi, katikati pako wazi." Kisha akasukuma harage moja la nyuma likashuka mbele kwa kidole kimoja. "Huyu akishuka sekunde ya mwisho, niliyopanga yote yamekufa. Lazima nijue kabla mpira haujanifika." Nikamuuliza ana muda gani wa kuamua. Akasema sekunde mbili na nusu, pengine tatu, na watu wazito wanamjia. Nilikaa nikitazama yale maharage muda mrefu. Hakuna kijana anayezaliwa na elimu hiyo. Inaingia kwa kurudia, na kurudia ni miaka.

Ndiyo maana kotabeki Tom Brady hakuzeeka kama wengine. Mwaka 2000, kabla ya klabu za ligi kuu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, walimpima mbio za yadi 40 akatumia sekunde 5.28. Kwa kotabeki hizo ni mbio za mtu aliyechoka. Wachezaji 198 walichukuliwa kabla yake. Lakini asiye na mbio hana mbio za kupoteza. Februari 2021, akiwa na miaka 43, alitwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi, yake ya saba, akiwa na Tampa Bay, wakiifunga Kansas City 31 kwa 9. Msimu uliofuata, akiwa na 44, alirusha yadi 5,316, akaongoza ligi nzima. Mabeki walikuwa wanamfuata na mpira ulikuwa umeshaondoka.

Msidhani hata hivyo kwamba umri wa macho unaushinda ule wa mwili daima. Naomba msome habari za Peyton Manning, kwa sababu yeye ana pande zote mbili. Mwaka 1998 alichaguliwa wa kwanza kabisa, akaanza mechi zote, na pasi zake 28 zikanaswa na wapinzani, timu ikashinda mechi 3 tu kati ya 16. Hakuna mgeni wa ligi aliyenaswa pasi nyingi hivyo katika msimu mmoja. Miaka 15 baadaye, shingo imeshapasuliwa zaidi ya mara moja, akiwa na miaka 37, alirusha tachidauni 55, yaani pasi zilizozaa bao. Jamani, 55! Kichwa kilikuwa kimejaa, mkono ulikuwa bado unamtii.

Halafu ikaja Novemba 15, 2015, Denver dhidi ya Kansas City. Niliiangalia mechi ile nikiwa nimekaa kwenye kochi hili hili. Siku hiyo alivunja rekodi ya yadi nyingi za pasi katika maisha ya mchezaji, na siku hiyo hiyo akafikisha pasi 5 kati ya 20, nne zikanaswa, kocha akamtoa. Ulikuwa unaona kabisa kwamba bado anajua mpira uende wapi. Unaondoka mkononi vizuri, ukifika njiani unaelea kama umepungukiwa na upepo, beki anausubiri. Macho ya mwalimu, mkono wa babu. Miezi mitatu baadaye alishinda Super Bowl, lakini waliombeba ni mabeki wake, naye akastaafu kwa heshima. Kumbukeni: uzee wa kotabeki hauji taratibu kama mteremko. Mwaka huu yupo, mwakani hayupo. Kotabeki mwingine, Brett Favre, akiwa na miaka 40 alirusha tachidauni 33 na kunaswa mara 7. Msimu uliofuata tachidauni 11, akanaswa mara 19.

Sasa nirudi kwa yule wangu wa maegesho, maana hadithi yake iko mjini humu humu. Mwaka 1996 nilikuwa nafanya usafi wa maofisi usiku, mwenzangu wa kazini akanipa tiketi ya mechi ya ndani kwenye ukumbi wa Veterans. Timu inaitwa Barnstormers. Uwanja wa yadi 50, watu 8 kila upande, kuta zimezungushiwa magodoro. Sikuelewa sheria hata moja. Nilichoelewa ni kijana mmoja mrefu aliyekuwa anarusha mpira mahali ambapo hapana mtu, nami nasikitika kwamba amekosea, halafu mtu anatokea na kuudaka. Alikuwa Kurt Warner, wa hapa hapa Iowa. Miaka miwili nyuma klabu ya Green Bay ya ligi kuu walimwacha, akawa anapanga bidhaa kwenye rafu za duka la vyakula kule Cedar Falls, zamu ya usiku, dola 5.50 kwa saa. Nami nilijua maana ya mshahara huo.

Alikwenda Amsterdam kucheza, akarudi, akawa namba mbili St. Louis. Agosti 1999 kotabeki wao akaumia goti. Warner ana miaka 28, hajawahi kuanza mechi ya ligi kuu. Msimu huo alirusha tachidauni 41, akawa mchezaji bora wa ligi, akashinda Super Bowl. Miaka tisa baadaye akaifikisha Arizona kwenye fainali hiyo akiwa na miaka 37. Ile miaka ya uwanja mdogo wenye kuta haikuwa ya kupotea. Katika nafasi finyu vile ilibidi aone na kurusha haraka, mamia ya mara. Umri wake wa macho ulikuwa unakua mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatazama.

Lakini nisiwadanganye kwamba miaka peke yake inatosha. Mwaka 2012 Cleveland walimchukua Brandon Weeden katika raundi ya kwanza, mtu mzima wa miaka 28, wakitumaini utu uzima wake. Miaka yake ya ujana alikuwa ameitumia kwenye besiboli. Misimu miwili tu wakaachana naye. Ukubwa wa kuzaliwa haukumpa macho ya kotabeki. Kwa hiyo wewe wa miaka 16, anayekuzidi hakuzidi kwa umri, anakuzidi kwa marudio. Marudio yanafidika. Video za mechi zipo, maharage yapo.

Kuna jambo jingine linaniuma, na hapa nazungumza na ninyi kama watoto weusi. Kocha atakuja akuambie: una mbio, hamia pembeni uwe mdakaji, au ukimbize mpira. Pengine anasema kweli, msikilize. Ila mjue habari za Warren Moon. Mwaka 1978 hakuna klabu iliyomchagua, nyingi zikitaka abadili nafasi. Akakataa, akaenda Edmonton, Kanada, akatwaa ubingwa wa huko mara 5 mfululizo. Alipoingia ligi kuu ya Marekani, na Houston, mwaka 1984, alikuwa na miaka 27. Akacheza mpaka 2000, ana miaka 44, na mwaka 2006 akawa kotabeki mweusi wa kwanza kuingia kwenye jumba la mashujaa wa mchezo huu. Angekubali kuishi kwa miguu yake, miguu ingemwacha miaka mingi kabla ya hapo.

Kuhusu benchi, wazazi nisikilizeni nanyi, maana kelele nyingine zinatoka kwenu. Aaron Rodgers alikaa misimu mitatu nyuma ya Favre. Patrick Mahomes alikaa karibu mwaka mzima nyuma ya Alex Smith, mwaka uliofuata akarusha tachidauni 50. Manning alipoingia ligi hakukaa hata siku moja. Sisemi benchi ni dawa ya kila mtu. Nasema mtoto akiwa benchi, usimpigie kocha simu kabla hujamuuliza mtoto jana ameona nini.

La mwisho ni zito, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Umri wa macho unataka miaka, na miaka iko ndani ya mwili. Robert Griffin wa Tatu alikuwa na miaka 22, nyota ya mji mzima wa Washington. Januari 2013 aliingia uwanjani na goti lililokuwa limeumia mwezi mmoja nyuma, likakatika. Hakurudi kuwa yule tena. Andrew Luck, mwenye macho ya ajabu kweli, aliacha mpira Agosti 2019 akiwa na miaka 29, amechoka na kuumia, kuuguza, na kuumia tena. Wiki mbili zilizopita mmoja wenu aligongwa kichwa, akaamka akiyumba, akamwambia mganga wa timu yuko sawa. Nilimwona akishika nguzo ya goli asianguke. Mwanangu, sikutaji jina, unajijua. Jumatatu nenda ukaseme ukweli. Kama unaogopa kwenda peke yako, nigongee, twende pamoja.

Na yule wa maegesho: Jumapili baada ya ibada njoo nyumbani. Mjukuu wangu atakuwepo, na kilo mbili za maharage nimeshanunua, nusu ya kupika.

Ni mimi babu yenu,
Des Moines, Iowa