Barua ya wazi kwa msimamizi wa mifugo Mombasa: Mzee, huyu ni punda tu

Mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa Mtopanga, Kisauni, ninakouza maji kwa mkokoteni wa punda mwaka wa 19 sasa. Mimi si mtu wa kulalamika hadharani. Nilikuja ofisini mara mbili, nikaambiwa nirudi wiki ijayo, na wiki hiyo haijafika hadi leo.

Jumamosi iliyopita, karibu na soko la Kongowea, bati lililokuwa likining'inia kwenye lori lilimchana paja punda wangu Kidoti. Jeraha lilikuwa refu kama kiganja changu na vidole vyake. Nikamfungua mkokotenini, tukajikongoja hadi kituo kimoja cha kutibu mifugo. Sikitaji, kwa kuwa sitafuti kesi. Tulikuta vijana watatu, wanafunzi wa udaktari wa mifugo waliokuja kwa mafunzo ya kazini. Daktari hakuwepo. Dawa ya ganzi nayo haikuwepo, au ilikuwepo na mwenye ufunguo wa kabati ametoka. Nilipewa majibu yote mawili. Nikasema tutangoja. Wakasema hakuna haja.

Wakamfunga mguu kwa kamba. Mmoja akalishika sikio la kulia akalipinda, mwingine akaanza kushona. Nyuzi tisa, nilizihesabu. Kidoti hakurusha teke hata moja. Ngozi ya mbavuni ilikuwa ikimtetemeka, jasho likamtiririka shingoni, jicho limemtoka hadi weupe wake ukaonekana. Nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, anaumia." Akanijibu kwa upole kabisa, bila hata kuinua kichwa: "Mzee, huyu ni punda tu. Angekuwa anaumia angepiga mateke."

Mheshimiwa, jibu hilo limeninyima usingizi kuliko ile sindano. Punda huficha maumivu. Ndivyo alivyoumbwa, kwa sababu mnyama anayewindwa akionyesha udhaifu ndiye anayeliwa wa kwanza. Farasi akiumia utamwona akihangaika. Punda husimama kimya, na usipomtazama masikio na namna anavyotafuna hutajua kitu. Mimi nimeishia darasa la saba na hilo nalijua. Kijana aliyebakisha mwaka mmoja aitwe daktari atakosaje kulijua? Au alilijua, kisha kujali kukamtoka mahali fulani njiani?

Nauliza hivyo kwa sababu binti wa dada yangu naye anasomea kazi hiyohiyo, chuo cha bara. Mwaka wa kwanza alikuwa akinipigia simu analia kwa ajili ya mbuzi waliokuwa wakifunzwa juu yao. Siku hizi halii, na anasema mwenyewe kwamba hilo linamtisha. Ni yeye aliyenieleza juu ya utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliofanywa kwa wanafunzi wa vyuo viwili vya Uingereza: wale wa miaka ya mwisho waliwahesabu mbwa, paka na ng'ombe kuwa na hisia kidogo kuliko walivyowahesabu wale wa mwaka wa kwanza. Kwamba mtu anaingia chuoni akijua mnyama anahisi, anatoka akiwa na shaka. Nadhani kwetu sababu si vitabu. Wanafundishwa kwamba mnyama asikae na njaa wala kiu, asikoseshwe raha, asiachwe na maumivu, asizuiwe kuishi kwa maumbile yake, asitiwe hofu. Huyo mpwa wangu anazitaja zote tano bila kupumua. Kisha wanaletwa vituoni kwetu, wanakuta kabati tupu, wanamwona mkubwa wao akishona bila ganzi, na hayo ndiyo masomo yanayokaa.

Tuna methali, punda afe mzigo ufike. Ni methali yetu sisi wenye mikokoteni, na ni aibu yetu. Daktari anasoma miaka mitano ili awepo mtu mmoja wa kutukataza. Naye akiwa upande wetu, punda ana nani?

Mimi nimewahi kukatazwa. Miaka sita iliyopita afisa alinisimamisha njiani nikiwa na mitungi ishirini ya lita ishirini, akanisomea Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, kwamba kumpiga mnyama, kumtesa na kumbebesha kupita kiasi ni kosa. Alisema kweli. Tangu siku ile sipakii zaidi ya kumi na miwili, na kipato kimepungua, na wanangu wanajua kilipungua kwa nini. Niliitii sheria hiyo kwa tumbo langu. Basi na iingie pia vituoni mnakotutuma.

Na wewe mwenyewe, mheshimiwa, ulisimama mbele yetu mwaka jana, chini ya mwarobaini, ukasema kila kituo kitakuwa na dawa na daktari kila Alhamisi. Tulikupigia makofi. Nilikuwa safu ya mbele na Kidoti nilimfunga pale pale kwenye uzio. Alhamisi ngapi zimepita?

Sidai fidia. Zile siku ambazo sijatoa maji na deni la pumba nitajua mwenyewe pa kuzipeleka. Wenzetu wa Lamu wana kituo cha kutibu punda tangu 1987. Hata hicho sikiombi leo. Naomba ganzi. Chupa ya ganzi iwe kabatini na ufunguo uwe na mtu aliyepo. Na mwanafunzi asishike sindano bila daktari kusimama kando yake, amwonyeshe sikio, amwonyeshe jicho, amwambie: huyu anaumia, ngoja. Wale vijana si wabaya. Yule aliyeshona alimpa Kidoti maji baadaye, kwa mikono yake. Hakuna aliyemwonyesha, basi.

Kidonda kinafunga, alhamdulillahi. Ila hatamu haivai tena. Nikiinua mkono upande wa kulia anarudi nyuma hadi ukutani. Jana jioni aliniacha nimguse sikio la kushoto. Ganzi, mheshimiwa. Naomba ganzi.

Wako kwa heshima,
Muuza maji wa Mtopanga