Chumba cha Mwanaisha

Lamu, Ijumaa

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Najua nimenyamaza tangu Idi. Utanilaumu baadaye, leo nina shida.

Mwanaisha kaposwa! Sasa kaka katuma pesa kutoka Maskati, na picha juu yake: chumba cha zege juu ya dari, upana mita 4, nguzo mbele, vioo vya buluu. Vioo vya buluu, shoga! Nikimwambia nyumba haitachukua, anajibu kwamba hata wazee walijenga. Kweli walijenga, binti akiolewa alipandishiwa ghorofa. Lakini walijenga kwa boriti za mikoko, ndiyo maana misana yetu, vile vyumba virefu vyembamba, upana hauzidi mita 3. Aliyepima ni mkoko, si mwenye nyumba. Hilo zege lake litakalia kuta za matumbawe zilizoshikwa na chokaa tu.

Na saruji tunaijua. Ule ukuta wa daka, pale kibarazani mlangoni, uliopigwa plasta mwaka juzi, jana nimeugonga: unalia kama ngoma, na pembeni chumvi inatoka nyeupe kama unga wa ngano. Unyevu umekosa pa kutokea. Tangu Beit el Ajaib ya huko kwenu Unguja iporomoke Desemba 2020, mimi nikiona ufa silali.

Ninachotaka ni chumba chembamba, cha boriti na chokaa, kirudi nyuma kisionekane mtaani, madirisha yatazame kiwanda chetu, yaani ua wa ndani, si cha Bi Rukia (unamjua). Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za saruji za kuigiza sizitaki, afadhali ukuta mtupu uliopakwa vizuri. Au nakosea? Mama anazitaka.

Nikirudi kwa zile mita 4... basi, hebu nichoree, hata kwa kalamu ya risasi, niipeleke makumbusho kabla kaka hajamleta fundi wake. Mji kuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, yeye anadhani ni habari ya watalii.

Ngazi ianzie wapi, kiwandani au kwenye sabule, chumba cha wageni? Juu tuezeke makuti au tuweke dari bapa? Maji ya choo yateremkie wapi? Na harusini unakuja, au ndiyo ile inshallah yako? Mama anauliza pia sinia lake la shaba liko wapi.

Wako,
Mama Mwanaisha