Meneja ameniletea kijana nimfundishe kazi yangu. Niondoke au ningoje?

Hujambo Shangazi,

Ni saa tisa na nusu usiku ninapoandika haya. Mama watoto amenigeuzia mgongo, sijui kama amelala kweli. Mimi usingizi umenihama tangu meneja wetu aniletee yule kijana. Lakini kabla sijafika huko, ujue mimi si mtu wa kurukaruka kazi. Stoo ile nimeikalia miaka 11, hapa Eneo la Viwandani, na haijawahi kupotea kitu nikashindwa kueleza kimekwenda wapi.

Dalili unazifahamu, nina hakika si mimi wa kwanza kukuandikia. Zamu ya usiku ilianza kuondolewa, ovataimu ikafuata. Vibarua wakaambiwa wapumzike, wataitwa. Malori mawili yamesimama uani yakingoja tairi, na oda ya hizo tairi iko mezani kwangu, hakuna anayetaka kuitia saini. Wanaotuletea malighafi walikuwa wakishusha mzigo kwa mkopo, sasa wanataka pesa kwanza. Mimi ndiye ninayepokea mizigo, kwa hiyo mambo haya nayaona kabla hayajafika ofisini. Juzi ofisi ya wafanyakazi ikaanza kumuuliza kila mtu siku zake za likizo zilizobaki, jambo ambalo halijawahi kuwashughulisha.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonichoma ni huyu kijana. Meneja alikuja naye stoo, akanisalimia vizuri tu, akasema, "Mwonyeshe kila kitu, hata yale yaliyo kichwani mwako." Hakusema ni nani wala atakaa hadi lini. Kijana ana daftari jipya. Anaandika rafu ipi ina bolti za saizi gani, dereva yupi lazima uhesabu naye magunia mara mbili, fundi wa kupigiwa simu mashine ikikwama Jumapili. Akiuliza namjibu, nifanyeje? Ana heshima, ananiita mzee, sina kinyongo naye. Lakini yaliyo kichwani mwangu, Shangazi! Mtu anayetaka nibaki, ya kichwani mwangu anayataka kwenye daftari ya nini?

Na meneja huyu si mtu baki. Mwaka 2020 korona ilipoingia walitukata nusu ya mshahara. Yeye ndiye aliyenivuta kando akaniomba nitie saini ili wengine wafuate, nami nikatia. Juni 2024, siku zile za maandamano, matatu hazikuonekana. Nilitoka Umoja kwa miguu nikaenda kufungua stoo kwa sababu alinipigia simu. Mamake alipofariki nilisafiri hadi kwao kumzika. Angeniita tu pembeni aniambie, "Ndugu yangu, mambo si mazuri, jipange." Sentensi moja. Badala yake ananiletea mtu mwenye daftari.

Shemeji yangu ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika kiwanda kingine, amenisomea Sheria ya Ajira ya 2007. Mwajiri akitaka kupunguza watu anatakiwa kutoa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Kwa sisi tusio kwenye chama, anamwandikia mfanyakazi mwenyewe na afisa wa leba. Katika kuchagua nani aende anapaswa kutazama nani ametangulia kazini, ujuzi, uwezo na nani anategemeka kazini. Kisha analipa kiinua mgongo, si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Kwangu mimi ni siku 165, karibu miezi mitano na nusu, na bado notisi na likizo. Nikiacha mwenyewe, hizo siku 165 nazisahau.

Cha ajabu, shemeji huyohuyo ndiye anayeniambia niondoke. Anasema mwenye payslipu ya mwezi huu husikilizwa kuliko mwenye barua ya kupunguzwa. Orodha ikishatoka, watu wa stoo wote wa barabara yetu watakuwa kwenye malango yaleyale kwa siku moja. Na kampuni ikiwa haina hata pesa za tairi, hicho kiinua mgongo itakitoa wapi?

Mimi sikuwa natafuta kazi. Nilituma barua chache za maombi kupima upepo tu. Cheti cha tabia njema nilikwenda kukitafuta kwa kuwa cha zamani kilikuwa kimekwisha muda, na mtu mzima karatasi zake huwa tayari. Sasa kampuni moja ya Athi River ilinihoji na imenipa kazi. Mshahara uko chini kidogo ya huu. Kuna miezi 6 ya majaribio, na ndani yake wanaweza kuniachisha kwa notisi ya siku 7. Nitapanda gari hadi Cabanas, nipande jingine la Athi River, jioni hivyohivyo, nauli yenyewe ni mshahara mwingine. Tena wanataka niripoti mwanzo wa mwezi, na hapa natakiwa kutoa notisi ya mwezi mzima. Miaka 11 niiweke rehani kwa siku 7?

Mama watoto hataki hata kulisikia jina la Athi River. Kifungua mimba wetu anaingia Gredi ya 10 Januari, na hizo pesa za kiinua mgongo ameshazipangia karo. Anasema nitulie, wanifute wao, wanilipe jasho langu. Hajui kwamba mkopo wa sacco unakatwa moja kwa moja kwenye payslipu na bado haujafika nusu. Sikumficha, sikutaka tu kumwongezea presha. Wadhamini wangu ni wapakiaji wawili wa hapohapo stoo. Nikikaa kimya nikaondoka, watanionaje? Nikiwaambia, habari itakuwa kwa meneja kabla ya saa nne.

Kwangu pesa si hoja kubwa, nataka unielewe. Ningelipwa hata nusu ya hizo lakini niambiwe ukweli na mtu niliyemzikia mama, ningeshukuru. Halafu nakaa nafikiri: huenda hiki ndicho wanachotaka hasa, nione kijana, nichukie, niandike barua ya kuacha kazi kwa mkono wangu, wasinilipe hata siku moja. Nikiwaza hivyo nasema sitoki, ng'o. Asubuhi nikifika nikimkuta meneja anapita mlangoni bila kuniangalia, natamani niwaachie funguo papo hapo.

Athi River wanataka jibu Ijumaa. Nimfuate meneja nimuulize uso kwa uso kama jina langu limo? Au akijua nina pa kwenda ndipo ataniweka wa kwanza, au aseme nimeacha mwenyewe? Mke wangu nimweleze habari za mkopo kabla ya Ijumaa au baada? Na huyu kijana, yako mambo machache bado sijamwambia, yale ya mwisho kabisa, ambayo bila hayo stoo haiendi. Nikiyazuia, ni haki yangu, au nitakuwa nimemwadhibu mtoto wa watu asiye na kosa?

Tafadhali ukijibu usitaje aina ya bidhaa tunazotengeneza. Meneja naye hukusoma.

Ni mimi msomaji wako,
Umoja, Nairobi